Alhamisi ni ya Nani

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kwa mke mwenzangu,

Salamu. Miaka sita umeolewa na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako, kwa hiyo usitegemee maneno matamu ndani yake.

Nakuandikia kukupa hongera. Wimbo umeupata. Leo asubuhi redio imepiga "Alhamisi" mara tatu kabla sijamaliza kushona kola moja. Mimi nashona sare za shule, na chumba changu cha kazi kina madirisha mawili yanayotazama barabarani, kwa hiyo sauti ya mume wetu inaniingilia kutoka kwa jirani wa kulia, kwa jirani wa kushoto, na kwenye kibanda cha fundi viatu ng'ambo. Mwanangu wa mwisho anauimba akiwa anaoga.

Kinanda wetu ametunga nyimbo saba, kila siku ya wiki na wimbo wake, na sasa yuko safarini na bendi mpaka katikati ya mwezi ujao kuzitangaza. Siku zangu mimi ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Jumatatu ameimba cherehani inayompigia kelele masikioni. Jumanne ameimba paa linalovuja. Jumatano ameimba mwanamke anayeuliza umetoka wapi, umekula wapi, mbona umechelewa. Miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto watatu, na hicho ndicho alichokiona kwangu. Jumamosi na Jumapili ni za bendi. Ijumaa, ambayo ni yako, ameimba wanawake wanaopiga domo saluni, na hapo nilicheka kidogo, sikufichi.

Lakini Alhamisi. Alhamisi ananiaga kuja kwako, na Alhamisi ndiyo aliyoiwekea mapenzi yote.

Alhamisi nifungulie mlango wetu wa buluu,
nimechoka nipokee, nipumzishe miguu.
Huniulizi nilikokuwa, huniulizi niendako,
masaa yangu nayaacha yote mikononi mwako.

Wivu unanila, na sioni haya kuliandika hilo. Sikuwahi kumwomba nyumba ya ghorofa. Nilitaka wimbo mmoja tu, nikipita sokoni watu wanong'one, ni yule pale. Sasa watakunong'ona wewe.

Nijibu jambo moja. Unamfanyia nini siku ya Alhamisi ambacho mimi sikumfanyia kwa miaka kumi na tisa?

Mimi,
Fundi, mama wa watoto watatu


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kwa dada mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu barua yako imenifurahisha. Nimeisoma nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nikamsuka mistari miwili imepinda, na ikabidi nifumue.

Hivi unanitania? Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nakusagia meno kwa wivu. Huo wimbo nilipousikia mara ya kwanza nilizima redio ya saluni, wateja wakalalamika, nikawaambia betri imekwisha. Nilijua ni wako. Nikasema, haya, bibi mkubwa bado anapendwa, mimi ni wa kusugua sufuria.

Kwa sababu Alhamisi, dada, mimi simpati. Anafika hapa saa kumi na moja jioni. Anasema umemng'ang'ania mpaka mchana, umempikia, hukutaka aondoke. Hiyo miaka sita nimekuwa nikila Alhamisi yangu iliyopoa na kukulaani kimoyomoyo, unisamehe. Kuhusu mlango, wangu ni wa kioo na umeandikwa "Karibu Saluni". Hauna hata tone la buluu.

Na huyo mwanamke asiyeuliza maswali si mimi. Mimi nauliza mpaka mtoto wangu ananiambia, mama, pumzika.

Kwa hiyo usinichezee akili. Kama ni wako, jisifu tu, nitavumilia. Lakini usije kuniuliza mimi eti nimemfanyia nini.

Mimi,
Msusi


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kwa mke mwenzangu,

Nimesoma barua yako mara nne.

Mume wetu hutoka kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Chai hainywi. Anasema basi la kwanza ndilo lenye nafasi na kwamba wewe unakuwa umeshasimama mlangoni unamsubiri. Sijawahi kumpikia chakula cha mchana siku ya Alhamisi tangu uje wewe. Sikuwahi kumng'ang'ania, ingawa nilitamani.

Kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa masaa matatu. Hata basi likipasua gurudumu, saa nne angekuwa ameshafika.

Miaka sita, mwanamke wewe, mimi nimemwona akiondoka na wewe umemwona akiingia. Katikati kuna masaa manane na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mimi sikutaka kukutamkia neno na wewe hukutaka kunitamkia. Alijua hatutasemezana. Amejijengea banda juu ya ugomvi wetu akalala humo kwa raha zake.

Sasa nauliza upya, na safari hii sikuulizi wewe. Nauliza tu: Alhamisi ni ya nani?

Fundi


Jumamosi, tarehe 15 Machi
(kutoka safarini, na bendi)

Mke wangu, kipenzi cha roho,

Huku mambo ni moto. Kila ukumbi unajaa, na watu hawataki wimbo mwingine ila "Alhamisi". Nikiupiga nakuona wewe. Nimesikia umenuna. Usinune, mama. Huo wimbo ni wako kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Buluu ni mapambo tu ya mtunzi. Nyimbo nyingine sita nimetunga kwa akili, huo nimeutunga kwa moyo, na moyo wangu unaujua uko wapi.

Usiwasikilize watu.

Wako wa siku zote saba,
Kinanda


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Kwa dada mkubwa,

Shikamoo. Hii nimeiandika kwa moyo mmoja.

Asante kwa kunitumia barua aliyokuandikia. Nimeiweka mezani, nikaiweka yangu pembeni. Dada, ni ileile. "Kipenzi cha roho" ipo. "Usinune, mama" ipo. Hata "wako wa siku zote saba" ipo, na pale penye "moto" amekata herufi akaandika upya kwenye barua zote mbili. Mtu huyu ametuvika kilemba cha ukoka kilichokatwa kitambaa kimoja, wewe fundi unajua zaidi. Sisi tuna siku tatu na siku mbili, yeye anajigawa saba.

Sasa kaa chini. Nilikuwa nafua suruali aliyoiacha kabla ya safari. Mfukoni nimekuta ufunguo. Si wa hapa, wala si wa kwako, maana wako naujua, ni ule mrefu wenye kutu. Huu ni mdogo, umefungwa uzi wa kijani. Nakutumia kipande cha uzi uutazame.

Tena kuna mteja wangu, mumewe ni kondakta wa lile basi la asubuhi. Nilimtega kidogo kidogo nikimsuka, nikajifanya hamnazo. Akasema bila kujua anasema nini, "Mumeo ndiye yule anayeshukaga kituo cha mizani ya malori? Kila Alhamisi, mume wangu anamshushia gitaa." Nikamwambia ndiyo, ana shangazi yake pale. Nikavuta nywele mpaka akalia.

Mizani, dada. Katikati kabisa, kwako saa moja na nusu, kwangu saa moja na nusu. Amepima kwa haki, tumshukuru.

Sijala tangu juzi. Nilipokuwa nikikuonea wivu wewe, angalau nilijua umri wako.

Msusi


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Uzi ni wangu.

Ni kijani cha sare za shule ya msingi, nauagiza mimi mwenyewe kwa katoni na hapa mjini hakuna mwingine aliye nao. Ametoka kitandani kwangu, akapita kwenye cherehani yangu, akakata uzi wangu kwa meno yake, akaufunga kwenye ufunguo wa mwanamke mwingine. Hata kamba ya uzinzi amekuja kuichukua kwangu.

Nitumie ufunguo. Nitakwenda Alhamisi hii, siku yenyewe, na nitashuka kwenye kituo chenyewe. Yeye yuko mbali na bendi, hawezi kunikuta. Nataka nimwone huyo asiyeuliza. Nitamuuliza mimi.

Nachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Usinishauri niuache.

Fundi


Jumanne, tarehe 25 Machi

Dada,

Ufunguo huu hapa, kondakta atakupa mkononi, nimemwambia ni wa kabati.

Sikushauri uache mkasi. Nakuomba tu usimguse yeye, kata mapazia. Na niangalizie mambo matatu: nywele zake ni zake au za kubandika, anapika au hapiki, na ni mdogo kuliko mimi? Hilo la mwisho ukiona ndiyo, usiniambie.

Hapana. Niambie.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Nimerudi jana jioni. Watoto walinirukia mlangoni wakiuliza nilikuwa wapi, nimewaletea nini, nani amechukua rula, na sikuweza kuandika mpaka leo.

Nilishuka mizani. Nyuma ya mizani kuna fundi matairi, nyuma ya fundi matairi kuna nyumba ndefu yenye vyumba vitano, na cha mwisho kina mlango wa buluu. Buluu mbichi kabisa. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika nguo. Nikamwuliza mwenye chumba hiki ni nani, akaniambia ni mwanamuziki, na kwamba mlango ameupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, siku nzima, amepiga magoti. Mdogo wangu, mlango wangu mimi namwambia aupake rangi tangu mwanangu wa mwisho anatambaa. Sasa yuko darasa la tatu.

Nikauliza, anaishi na nani humo? Akanitazama kama niliyeuliza jua linatoka saa ngapi. Akasema, "Hajawahi kuja na mtu. Anakuja peke yake, anafunga mlango, jioni anaondoka. Mimi nilidhani hana mke, maskini."

Nikafungua. Mkasi ulikuwa tayari mkononi.

Hakuna mwanamke. Nimetafuta. Hakuna kitana, hakuna kanga ukutani, hakuna kandambili za mtu wa pili, hakuna hata unywele, na najua ungetaka nitafute unywele. Kuna kiti kimoja, meza moja, mto mmoja wa kukalia, kikombe kimoja. Kuna msumari wa kutundika shati. Kuna ufagio nyuma ya mlango, na sakafu imefagiwa, imefagiwa na yeye, mtu ambaye kwangu hajui ufagio unashikwa upande gani. Dirisha linatazama ukuta. Kiti kina mikono miwili ya mbao, imeng'aa kwa kushikwa. Hiyo ndiyo mikono anayoiimba redioni.

Juu ya meza kuna daftari. Wimbo wote umo, amefuta na kuandika, amefuta na kuandika. Nimetafuta jina langu, nimetafuta lako. Hatumo. Wimbo ule haujaandikwa kwa mtu. Ameuandikia chumba.

Nilikaa kwenye kile kiti ili nianze kukata mto. Niliuweka magotini, nikasema kwanza nipumue. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikaa, na hakuna mtu aliyeniita. Malori yalikuwa yanapita mbali, yananguruma kisha yanaisha. Nikasubiri mtu aseme "mama", aseme "fundi, ya kwangu imekwisha?" Hakuna. Nilipotazama jua ukutani lilikuwa limeshapanda na kushuka, na mkasi ulikuwa chini sakafuni, na sijui niliuweka saa ngapi. Miaka kumi na tisa sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna anayenihitaji.

Nilimwelewa mume wetu. Naapa ningependa zaidi kumkuta na mwanamke. Kumwelewa ndiko kunakoniuma, kwa sababu yeye alikitafuta chumba hicho, akakipata, akakiimba, na mimi sikujua hata kwamba kinaruhusiwa.

Mto sijaukata.

Dada yako


Jumatano, tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimesuka vichwa vitatu bila kuongea, mpaka wateja wakauliza kama kuna msiba.

Ungeniambia ana miaka ishirini na kiuno, ningejua pa kuanzia. Ningejipamba, ningempiga vijembe, ningekwenda kumsuta mbele za watu. Sasa chumba nitakisuta vipi? Nitakiambia kimeninyang'anya mume? Kinanishinda kwa kutofanya kitu. Mimi napika, nasuka, nacheka, nakanda mgongo, na kiti kimekaa tu kimya na ndicho kilichopewa wimbo. Nakionea wivu kiti, dada. Wivu wenyewe ni mbaya kuliko ule wa kukuonea wewe, maana huo niliuzoea.

Na wewe pia nakuonea, nisikufiche, umekaa humo kutwa nzima na mimi sijakaa.

Nimefikiri. Atarudi katikati ya mwezi na ataitafuta suruali yake. Tumrudishie ufunguo mfukoni, na ule uzi wako, asijue kitu. Lakini jirani yangu hapa anachonga funguo. Nimeuliza tu.

Alhamisi ni yake, sawa. Wiki ina siku nyingine na chumba kimekaa bure. Mimi nataka Ijumaa. Najua ndiyo siku anayokuwa kwangu. Ndiyo sababu naitaka.

Unirudishie ufunguo kwa kondakta.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Mdogo wangu,

Ufunguo huo. Chonga mbili.

Mimi nachukua Jumatatu. Sare zisubiri.

Na usilete kioo chako kikubwa mle ndani wala redio. Ukileta redio tutakosana upya.

Dada yako


Jumatano, tarehe 7 Mei

Mke wangu,

Nakuandikia ingawa umelala chumba cha pili, kwa sababu nikikuuliza kwa mdomo unacheka. Barua hii naiweka chini ya mguu wa cherehani, utaikuta kesho nikiwa nimeshaondoka.

Wiki ya tatu sasa. Jumatatu nafika, nakuta cherehani imefunikwa, chakula kiko jikoni, watoto hawajui chochote. Unarudi jioni umetulia. Hiyo ndiyo inayonisumbua, umetulia. Huniulizi nimekula wapi. Huniulizi mbona nimechelewa. Juzi nilichelewa makusudi ili uniulize, ukanipa tu sahani ukaenda kulala ukiimba chini chini.

Nilidhani ni wewe peke yako. Nikaenda kwa mdogo wako, Ijumaa saluni imefungwa, mtoto nimeachiwa mimi, na yeye anarudi jioni na uso uleule kama wako. Nimemwuliza, akasema nikuulize wewe.

Mimi ni mtu wa muziki, najua mtu akiwa na mtu anavyokuwa. Hata kule ninakotungia nyimbo siku hizi sitafuti neno, nakaa tu najiuliza Jumatatu uko wapi na nani. Alhamisi nzima inaniishia hivyo. Hata harufu ya mafuta ya cherehani yako pua inaniletea, mahali ambapo haiwezi kuwepo.

Sijawahi kuona wivu maishani. Nilidhani ni ugonjwa wa wanawake. Nakuomba uniambie. Ni nani?

Kinanda


Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeipata chini ya cherehani. Hii yangu sikuiweka hapo. Nimeiacha juu ya kiti, ili uisome Alhamisi, ukishavua viatu na kufunga mlango.

Keti kwanza.

Umeniuliza Jumatatu niko wapi na nani. Wimbo unaujua, umeutunga mwenyewe. Imba pale penye "huniulizi nilikokuwa". Badilisha siku tu.

Uzi wa ufunguo wako ulikuwa umeanza kukatika. Nimekutundikia mwingine kwenye msumari, mpya, wa kijani kilekile.

Na mto uliogeuzwa ni wa Ijumaa, si wangu. Usiuguse. Mdogo wangu hapendi.

Mkeo,
Jumatatu